Posho, hongo na bakshishi: msafiri wa zamani alilipaje Tabora, na sisi tunalipaje leo?

Mtu anashuka stendi ya mabasi akiwa na magunia mawili ya karanga. Kabla hajasimama vizuri, vijana wanne wameshayashika magunia. Hakuna aliyetaja bei. Magunia yanafika kwenye bajaji, ndipo bei inatajwa, na si ile aliyoitegemea. Akilalamika anaambiwa, "Mzee wangu, si utoe tu hata ya soda." Anatoa ya mzigo, anatoa na ya soda, kisha anaondoka akijiuliza: katika hela niliyotoa, ipi ilikuwa bei halali, ipi ilikuwa shukrani, na ipi nimenyang'anywa?

Wasikilizaji wetu wa vijijini hutuletea visa vya namna hii mara kwa mara, hasa wanaokuja mjini kuuza mazao, kufuata matibabu au kumpeleka mtoto shule. Wengine huuliza kuhusu kijana wa stendi, wengine kuhusu dirisha la ofisi. Swali ni lile lile.

Sisi wa Ipuli na Tabora nzima tunaishi juu ya njia ambayo swali hilo liliulizwa kila siku, miaka 150 na zaidi iliyopita. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na kila msafara ulilazimika kujua mambo manne: bei, posho, hongo na bakshishi. Maneno hayo bado tunayatumia, lakini maana ya baadhi yake imegeuka. Katika makala hii tunaeleza jinsi msafiri wa zamani alivyolipa, halafu tunaona linalotufaa leo.

Mji uliowazoea wageni

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni safari ya karibu kilomita 800. Mwingereza Richard Burton na mwenzake John Speke walifika Kazeh, sehemu ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Henry Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871, akitumia siku 84, na yeye alijisifu kuwa amekwenda mbio.

Msafara uliotembea miezi mitatu au minne ulifika hapa umechoka. Watu walihitaji kupumzika, kununua chakula, kupata wapagazi wapya na kuamua njia ya kufuata. Kutoka Tabora njia ziligawanyika: moja kwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa. Kwa hiyo Tabora ilikuwa kama stendi kuu ya nchi nzima ya bara.

Masimulizi ya wenyeji yanasema hata jina la mji limetokana na chakula cha safari: matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa hadi vikakauka. Ni chakula kisichooza upesi, chepesi kubeba, na kila nyumba ya Unyamwezi inakijua.

Tusisahau pia kwamba si kila aliyepita njia hii alipita kwa hiari. Wengi walipelekwa pwani wakiwa watumwa, na kwao hapakuwa na bei wala posho ya kujadiliana. Tunayoyaeleza hapa yanahusu wale waliokuwa na uwezo wa kupatana.

Fedha ilikuwa kitambaa

Pwani na Unguja wafanyabiashara walitumia riale, sarafu ya fedha iliyotoka Austria, yenye sura ya malkia Maria Theresa. Lakini riale haikumnunulia mtu mtama kijijini Ugogo au Unyamwezi. Huku bara fedha ilikuwa nguo.

Nguo iliyotumika zaidi ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lake linaeleza kilikotoka: Marekani, hasa kupitia bandari ya Salem. Nchi hiyo ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833. Nyingine ni kaniki, kitambaa cheusi cha buluu kilichotoka India, ambacho bibi zetu wamekivaa hadi karne iliyopita.

Hesabu ya nguo ilikuwa hivi:

Mkono mmoja ni kipimo cha kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, kama nusu yadi.

Mikono minne ni shuka moja, yaani yadi mbili.

Shuka mbili ni doti moja, yaani yadi nne, karibu mita tatu na nusu na zaidi kidogo.

Jora ni kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani, na jora la merikani lilikuwa na kama yadi 30.

Hapo hapo msikilizaji ataona mwanya wa ugomvi. Mkono wa nani? Mtu mrefu ana mkono mrefu. Mnunuzi anayepokea nguo angependa apimiwe na jitu, na anayelipa angependa mpimaji awe mfupi. Hili ndilo jambo la lumbesa kwa sura nyingine: kipimo kisichofungwa kinampa nafasi mwenye nguvu. Ndiyo maana mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo si urembo wa sokoni. Ni kinga ya mkulima.

Tuone sasa msafiri alivyopanga bajeti. Kabla ya kuondoka Unguja, Stanley aliwauliza wafanyabiashara wenye uzoefu: watu 100 wanakula nguo kiasi gani kwa siku? Akaambiwa doti 10, yaani yadi 40. Alikusudia kusafiri miaka miwili, siku 730. Zidisha 40 kwa 730, unapata yadi 29,200. Na ndivyo alivyonunua: merikani yadi 16,000, kaniki yadi 8,000, na nguo za rangi mbalimbali yadi 5,200. Ukijumlisha unapata 29,200 kamili.

Sasa fikiri uzito wake. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Kila mzigo wa nguo unahitaji mtu, na kila mtu anahitaji kula, na chakula chake kinanunuliwa kwa nguo iliyo kwenye mzigo. Sehemu kubwa ya msafara ilikuwa imebeba chakula cha msafara wenyewe. Mkulima anayekodi gari kupeleka mahindi mjini anaielewa hesabu hii vizuri: nauli ikiwa kubwa, unakuwa unasafirisha nauli.

Ushanga: hela isiyopita kila mahali

Kwa matumizi madogo msafiri alibeba ushanga. Huwezi kukata doti kila unapotaka kuku au mafungu mawili ya viazi. Ushanga ulitungwa kwenye uzi, na uzi mmoja uliitwa kete. Mwingi ulitoka Venice, mji wa Italia uliokuwa ukitengeneza shanga za kioo kwa karne nyingi. Ndiyo kusema chenji ya sokoni kwetu ilitengenezwa na mafundi wa Ulaya ambao hawakuwahi kuiona Tabora.

Tatizo ni kwamba kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Stanley alibeba magunia 22 ya aina 11. Ushanga mweusi ulikubalika Ugogo, lakini ulikataliwa kwingine. Mweupe ulipendwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Mwekundu, uliojulikana kama sami-sami, ulikuwa na soko kubwa. Msafiri aliyenunua aina isiyotakiwa alijikuta na gunia zima la fedha ambayo haimnunulii hata yai.

Ujiji walikuwa na dawa ya tatizo hilo. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliona sokoni pale watu wenye mifuko ya ushanga uitwao sofi, vipande kama vya kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, mgeni aliwapa aina yoyote aliyokuja nayo, akapewa sofi za kununulia. Soko likifungwa, wauzaji waliwarudishia sofi na kupewa aina waliyoitaka. Wabadilishaji walipata faida asubuhi na walipata faida jioni.

Hao ndio mababu wa wakala wetu wa simu. Ukiweka fedha anapata chake, ukitoa unakatwa. Huduma ni ya kweli, kwa sababu bila yeye ungetembea na noti mfukoni, lakini ina bei, na bei hiyo inapaswa kuijua kabla hujabonyeza. Anayetoa hela kidogo kidogo mara tano hulipa makato mara tano.

Ujira na posho

Nani alibeba mizigo yote hiyo? Kwa sehemu kubwa ni Wanyamwezi. Walikuwa wakienda pwani tangu kabla Waarabu hawajajenga Unyanyembe, wakibeba pembe za ndovu na bidhaa zao wenyewe. Kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Walipobeba mizigo ya wengine, walibeba kwa mapatano.

Mapatano yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ujira, malipo ya kazi nzima, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, ambayo mara nyingi sehemu yake ililipwa kabla ya kuondoka. Ya pili ni posho, chakula cha kila siku. Kipimo cha kawaida cha posho kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Vibaba vinne ni pishi.

Ujira ulihusu kazi, posho ilihusu uhai. Mkuu wa msafara aliyechelewesha ujira alinung'unikiwa. Aliyekata posho aliamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na watu hawapo. Wapagazi walijua nguvu yao: bila mabega yao yadi 29,200 za nguo ni lundo tu porini.

Leo neno posho tumelihamishia maofisini, likawa hela ya kikao au ya safari ya kikazi. Wenzetu wa Kenya na Uganda wamelibakiza kwenye chakula. Kwao posho ni unga au ugali wenyewe. Lakini somo la zamani bado lipo. Unapomchukua kibarua wa kuvuna tumbaku au kupalilia karanga, sema mapema: chakula ni juu ya nani? Ugomvi mwingi wa shambani hauanzi kwenye ujira. Unaanza saa saba mchana, jua likiwa kali, kibarua akitazama jikoni na mwenye shamba akitazama pembeni.

Hongo ilipokuwa halali

Hapa ndipo neno limegeuka zaidi. Leo ukisema hongo, kila mtu anaelewa rushwa. Zamani za misafara, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Mtemi ndiye mwenye nchi. Msafara wa watu mia unakanyaga ardhi yake, unakunywa maji yake, unakata kuni zake, na ng'ombe wake wanaweza kukosa maji kwa sababu yako. Kwa hiyo msafara ulipeleka nguo kwa mtemi. Ilifanyika mchana, mbele ya watu, kwa kujadiliana kupitia wazee, na ikishalipwa msafara uliruhusiwa kununua chakula na kupita salama.

Ugogo ndiko kulikosifika kwa hongo kubwa, na sababu yake inaeleweka. Ni nchi kavu. Aliyechimba kisima na kukilinda hawezi kuwaachia watu mia wakimalize bure.

Lakini hata ushuru halali unaweza kupita kiasi. Novemba 1871, Stanley akiwa njiani kwenda Ujiji, alisimamishwa Uha. Alidaiwa doti 100, wakabishana, akalipa 75. Alidhani amemaliza. Kesho yake akasimamishwa tena na kudaiwa nyingine. Alipopata habari kuwa mbele bado kuna wakubwa wengine wanaongoja, kila mmoja na hongo yake, aliamua kutoroka. Msafara mzima uliondoka usiku, kimya kimya, ukipita porini mbali na njia hadi ukaivuka Uha.

Kuna funzo kwa pande zote mbili. Wakubwa wa Uha waliopewa walikula doti zao, lakini waliongoja mbele hawakuona hata uzi. Ushuru ukizidi, mfanyabiashara hatafuti namna ya kulipa. Anatafuta njia ya panya.

Na hapa kwetu Unyanyembe hongo ilizaa vita. Mtemi Fundikira alipofariki mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sere aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamezoea kupita bila kulipa. Kwake ilikuwa haki ya mwenye nchi. Kwao ilikuwa kuvunja mazoea. Walimpiga vita, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa, naye Mnywa Sere akawa akiishambulia njia kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Watu walikufa na mashamba yaliteketea kwa sababu pande mbili hazikukubaliana nani alipe nini.

Ugeni na bakshishi

Kulikuwa na vitu vingine viwili vilivyotolewa bila kuitwa bei: zawadi ya ugeni na bakshishi.

Burton alipofika Kazeh alipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyemtafutia nyumba, akamhifadhia mizigo na kumsaidia kupata wapagazi. Stanley naye mwaka 1871 alieleza jinsi wakubwa wa Tabora walivyomletea wali na mchuzi wa kuku, kisha ng'ombe watano, kondoo wanane na mbuzi kumi, na baada yake kuku 12 na mayai 12. Alifurahi sana, na ukarimu ulikuwa wa kweli.

Lakini msikilizaji anajua kwamba ugeni nao una deni. Wakati huo Waarabu wa Tabora walikuwa wakijiandaa kupigana na Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Haikupita miezi miwili, mgeni aliyekula kondoo wale alikuwa vitani pamoja nao na watu wake. Walishindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo aliingia Tabora na kuichoma sehemu yake, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa bunduki.

Bakshishi ni jambo lingine. Neno lenyewe lilitoka Uajemi likapita kwa Waarabu hadi kwetu, na maana yake ni kitu anachopewa mtu juu ya haki yake, kwa kumridhia. Kirangozi, yule aliyetangulia msafara na bendera, alitarajia nguo nzuri msafara ukifika salama. Wapagazi nao walitarajia nyongeza mwisho wa safari, mbali na ujira.

Tuangalie mpangilio wake. Bakshishi hutolewa kazi ikishakwisha, na hutoka kwa aliyeridhika. Kiasi chake anakijua mtoaji. Asipotoa, kazi iliyofanyika haifutiki.

Hata huko ughaibuni jambo hili halifanani kila mahali. Ufaransa, malipo ya huduma hotelini huwa yameshatiwa ndani ya bei iliyoandikwa, kwa hiyo anachoacha mteja mezani ni shukrani tu. Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilimradi bakshishi ifikishe kima cha chini cha kawaida. Kule mteja asipotoa, mhudumu ndiye anayeumia. Bakshishi imegeuzwa kuwa ujira, ila mlipaji ni mteja badala ya mwajiri.

Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni mahali popote ni hili: huyu anayenihudumia, ujira wake unatoka wapi?

Sarafu zinaingia

Wajerumani walipotawala, kampuni yao ilitoa rupia na pesa kuanzia mwaka 1890. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa heller 100. Kutokana na heller tumepata neno letu la kila siku: hela. Na heller yenyewe ilipewa jina la mji wa Ujerumani uitwao Hall, ulikoanza kutengenezwa. Unapomwambia mtoto "sina hela", umetaja mji wa Ulaya bila kujua.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, na kazi iliyowajenga Wanyamwezi jina ikaanza kufifia. Kisha vikaja vita vya kwanza vya dunia. Meli za Ujerumani hazikuweza kuleta sarafu, na wakati huo wapagazi, askari na wauza chakula walipaswa kulipwa. Ndipo mwaka 1916, hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, zikapigwa sarafu: za heller 5 na 20 za shaba, na za rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki ya Waingereza, na mwaka 1966 shilingi yetu ya Tanzania.

Leo ukiwa mgeni mjini

Turudi kwa msikilizaji wetu wa magunia mawili. Tukiyapanga mambo kama walivyoyapanga wa zamani, hela yake inagawanyika hivi.

Bei ni ya kupatana kabla. Usiruhusu mzigo uguswe kabla kiasi hakijatajwa, na kitajwe kwa mzigo wote na kwa safari yote: "Magunia mawili, hadi Ipuli, mpaka mlangoni, shilingi ngapi?" Bodaboda, bajaji, kibarua, fundi, wote ni hivyo hivyo. Uliza hata kama unaona aibu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Posho, yaani chakula na gharama za njiani, isemwe mapema iko juu ya nani. Mtu akikusindikiza siku nzima kutafuta ofisi au hospitali, si haki ashinde njaa.

Bakshishi ni hiari yako. Kwa mama lishe unalipa bei ya sahani na umemaliza. Ukimwambia "chenji kaa nayo, mama", umefanya wema, na usipomwambia hujamkosea. Kijana aliyebeba magunia kwa uangalifu akayapanga vizuri, ukimwongezea ya soda umemtia moyo. Lakini ya soda inayodaiwa kwa nguvu kabla ya kazi, au mzigo wako ukiwa umeshikiliwa, hiyo imeshaacha kuwa bakshishi.

Na hongo? Ushuru halali bado upo: ushuru wa mazao, ada za leseni, malipo ya huduma za serikali. Alama zake ni zile zile za zamani, kwamba hufanyika wazi. Leo uwazi wake ni namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontrol namba, na risiti. Malipo yanaingia serikalini kwa simu au benki, hayaingii mfukoni mwa mtu. Ukiambiwa utume kwenye namba binafsi ya mtumishi, uliza kwa nini. Ukiambiwa "risiti itachukua muda, toa kidogo tukumalizie", basi hicho unachoombwa ndicho hongo ya leo. Imebaki na jina la ushuru wa mtemi, lakini hailindi kisima wala njia ya mtu yeyote.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu anayepokea na anayetoa. Ukiombwa, unaweza kupiga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Ukipiga, taja mahali, siku, saa na ulichoombwa.

Tunajua si rahisi. Mtu mwenye mgonjwa mikononi hana muda wa kubishana dirishani, na anayemwomba chochote analijua hilo. Wakubwa wa Uha nao walijua kwamba msafara uliochoka hauna pa kwenda. Ndiyo maana tunawaomba wasikilizaji wasiende peke yao inapowezekana. Msafara haukumtuma mtu mmoja kwa mtemi. Walikwenda wawili watatu, wakaongea mbele ya watu, na kila mmoja akasikia kiasi kilichotajwa.

Ukitaka kukumbuka jambo moja tu kutoka makala hii, kumbuka kuangalia wakati wa kuombwa. Kinachotajwa wazi kabla ya kazi na ukakikubali, ni bei. Unachotoa mwenyewe baada ya kazi, ni bakshishi. Kinachodaiwa katikati, ukiwa huna pa kugeukia, kiulizie risiti.